Msamaha na Wokovu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa katika miaka mingi ya kufundisha darasa la ubatizo. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya wote. Mengine huulizwa mlangoni, wenzake mtu wakishaondoka, na mara nyingi hayo ndiyo yenye uzito. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali. Madhehebu ya Kikristo hayakubaliani katika kila kitu, kwa hiyo nimesema wazi pale yanapoachana.

## Mambo ya msingi

1. Dhambi ni nini hasa?

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Mwindaji akirusha mshale ukapita pembeni, twasema amekosa. Mtu akimtukana mama yake, twasema pia amekosa. Neno ni lile lile. Ndivyo lilivyo neno kuu la dhambi katika Kiebrania cha Agano la Kale, na ndivyo lilivyo *hamartia* katika Kigiriki cha Agano Jipya: asili yake ni kukosa shabaha. Waamuzi 20:16 inasimulia juu ya wanaume 700 wa Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, walioweza kutupa jiwe kwa teo wakalenga unywele wala wasikose. Kitenzi hicho cha kukosa ndicho Waebrania walichotumia kwa kutenda dhambi. Hata neno letu "hatia", lililotufikia kupitia Kiarabu, ni la shina moja nalo.

Shabaha yenyewe ni ipi? Yesu aliitaja alipoulizwa amri iliyo kuu (Mathayo 22:37–39): kumpenda Mungu kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yako. Kila kinachopita pembeni ya hapo ni dhambi, kiwe tendo, neno, wazo, au jema uliloliacha bila kulitenda (Yakobo 4:17).

Lakini neno hilo moja halitoshi, maana linaweza kufanya dhambi ionekane kama bahati mbaya ya mkono uliotetemeka. Zaburi ya 51 inaanza kwa maneno matatu tofauti ya Kiebrania: moja la kukosa shabaha, moja la kupindika, na moja la uasi, yaani kujua kabisa na kuvunja kwa makusudi. Anayesali sala hiyo anayakiri yote matatu.

2. Mimi si mtu mbaya. Siibi, siui, nasaidia watu. Kwa nini niambiwe nahitaji msamaha?

Swali hili huulizwa na watu wema kweli, na sipendi linapojibiwa kwa kumtafutia mtu uchafu ili ashindwe hoja. Imani ya Kikristo haisemi kwamba watu wote ni wabaya kwa kiwango kimoja. Inasema kwamba hakuna aliyefika. Paulo anaandika kwamba wote wametenda dhambi na kupungukiwa na utukufu wa Mungu (Warumi 3:23), na neno la kuangalia hapo ni "kupungukiwa". Watu wawili wakijaribu kuvuka mto kwa kuruka, mmoja aanguke hatua mbili tu kutoka ukingoni alikoanzia na mwingine aanguke karibu kabisa na ng'ambo, wa pili ameruka vizuri zaidi. Wote wawili wamelowa.

Katika Luka 18:9–14 Yesu anasimulia juu ya watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Farisayo hakusema uongo hata kidogo: alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka, hakuwa mnyang'anyi. Ukiisoma sala yake polepole utaona kwamba haombi kitu chochote. Mtoza ushuru anasimama mbali, anajipiga kifua, anaomba jambo moja, arehemiwe. Ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Yule wa kwanza alirudi na kile alichokuja nacho.

Jiulize pia juu ya usiyoyatenda. Tajiri wa Luka 16 hatajwi kuwa alimpiga Lazaro wala kumfukuza mlangoni pake. Alimpita tu, siku baada ya siku.

3. "Dhambi ya asili" ni nini? Mtoto mchanga ana kosa gani?

Hakuna Mkristo anayepaswa kusema kwamba mtoto mchanga ametenda kosa. Ezekieli 18:20 inakataza waziwazi kumtwika mwana uovu wa baba yake. Fundisho linahusu hali tunayozaliwa nayo, inayoelekea upande mmoja hata kabla hatujajua kuchagua. Hakuna mzazi aliyewahi kumfundisha mtoto kusema "changu!" na kumpokonya mwenzake, lakini kumfundisha kugawana ni kazi ya miaka.

Makanisa ya Magharibi yameathiriwa sana na Augustino (354–430), askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini. Alibishana na Pelagio, aliyefundisha kwamba binadamu anaweza kutenda mema kwa nguvu ya hiari yake bila kuhitaji neema ya ndani. Maaskofu waliokutana Karthago mwaka 418 waliyakataa mafundisho ya Pelagio. Makanisa ya Kiorthodoksi nayo hayamfuati Pelagio, ila yanasema zaidi juu ya mauti na udhaifu tuliourithi kutoka kwa Adamu kuliko hatia ya Adamu. Tofauti hiyo inarudi katika swali la 6.

4. Tunaokolewa kutoka kwa nini?

Kwanza tazama maneno yetu. "Ameokoka ajali" maana yake mtu alikuwa hatarini, sasa yu salama. "Ameokolewa" inamtaja pia aliyenyoosha mkono. Wakristo hutumia yote mawili, lakini hili la pili lisisahaulike, kwa kuwa wokovu una mwokozi.

Tunaokolewa kutoka katika hukumu ya haki ya Mungu, kutoka katika utumwa wa dhambi inayomfanya mtu arudie asichokipenda (Warumi 7:19), na kutoka katika mauti. Agano Jipya linasema habari hii kwa nyakati zote tatu za kitenzi: tumeokolewa (Waefeso 2:8), tunaokolewa (1 Wakorintho 1:18), tutaokolewa (Warumi 5:9–10). Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba ameokoka, na bado akawa na safari mbele yake. Tena wokovu si kukimbia tu kutoka mahali. Kuna tunakopelekwa, nako ni kuishi na Mungu kama wana.

## Msalaba

5. Mungu ni mwenye rehema. Kwa nini asisamehe tu, bila msalaba?

Mtu akitukanyaga kwa bahati mbaya akasema "samahani", tunamjibu "si kitu". Jibu hilo ni zuri kwa mguu uliokanyagwa. Lakini sasa mfikirie mwanamke ambaye nduguye alighushi sahihi akauza shamba la urithi wao. Ndugu anarudi baada ya miaka, anasema samahani. Mwanamke akijibu "si kitu", hajasamehe bado. Ameongopa tu. Kilikuwa kitu. Watoto wake walikulia nyumba ya kupanga kwa sababu ya kitu hicho.

Akitaka kumsamehe kweli, itambidi aseme mambo mawili kwa pamoja: "Ulinidhulumu," na "Sitakudai." Na akishasema hivyo, shamba halirudi. Hasara haikuyeyuka, ameibeba yeye. Hakuna msamaha wa kweli usiomgharimu anayeutoa.

Hapo ndipo ninapouona msalaba. Mungu hasemi "si kitu" juu ya mtoto aliyepigwa, mjane aliyeporwa, mtu aliyefungwa bila kosa. Angesema hivyo, waliodhulumiwa wangekuwa na haki ya kuuliza kama yeye ni mwema. Wala hasemi "lipa", kwa maana hatuna cha kulipa. Anasema ni kitu, tena kizito, na anakibeba mwenyewe. Wakristo wanaposema Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kiini cha wanachosema ni hicho, hata kama wanatofautiana katika kueleza namna.

6. Kifo cha mtu mmoja kinawezaje kuondoa dhambi za wengine?

Biblia haitoi maelezo ya fundi. Inatoa picha kadhaa, na kila moja imepata watu wa kuitafakari.

Ya kwanza ni ya hekalu. Katika Walawi 16, Siku ya Upatanisho, huletwa mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa. Juu ya kichwa cha wa pili kuhani anaweka mikono yote miwili, anaungama uovu wa Israeli, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa hai. Waliosimama pale walimtazama akipungua mpaka akawa nukta, akatoweka. Waraka kwa Waebrania unasema ibada hiyo iliyorudiwa kila mwaka ilikuwa kivuli, na Kristo alijitoa mara moja tu.

Ya pili ni ya soko la watumwa: Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi (Marko 10:45). Ya tatu ni ya vita, kwamba Kristo aliingia mautini akaishinda kutoka ndani. Waorthodoksi huiimba hiyo kila Pasaka. Ya nne ni ya mahakama, na ndiyo iliyokua zaidi Magharibi. Anselmo wa Canterbury (1033–1109) alifundisha kwamba heshima ya Mungu iliyovunjwa ilihitaji kuridhishwa, jambo ambalo binadamu alipaswa kulifanya lakini Mungu peke yake aliweza. Warekebishaji wa karne ya 16 waliiendeleza: Kristo alichukua adhabu yetu.

Onyo moja. Ukisikia msalaba ukielezwa kana kwamba Baba mwenye hasira alimpata mtu wa tatu asiyehusika akammalizia ghadhabu yake, maelezo hayo yamepotoka. Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19). Aliyekosewa na aliyebeba ni mmoja. Rudia swali la 5.

7. Matendo mema hayana kazi, basi?

Yana kazi, ila si kazi ya kununua. Waefeso 2:8–9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Wengi huishia hapo. Mstari wa 10 unaendelea: tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Naye Yakobo 2:26 anaiita imani isiyo na matendo maiti. Mwembe hauzai maembe ili uwe mwembe.

Jambo hili liliipasua Magharibi. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alitoa hoja 95 juu ya rehema, yaani hati za kupunguziwa adhabu ya dhambi, zilizokuwa zikitolewa kwa fedha. Mtaguso wa Trento (1545–1563), yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukajibu kwa upande wa Kanisa Katoliki. Lakini tarehe hiyo hiyo ya 31 Oktoba, mwaka 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Tofauti zimebaki, lakini anayesema leo kwamba Wakatoliki wanafundisha kuununua wokovu hajasoma tamko hilo.

## Kuupokea msamaha

8. Kutubu ni kufanya nini? Ni kulia?

Unaweza kulia bila kutubu, na kutubu bila kulia. Neno la Kigiriki ni *metanoia*, kugeuka nia. La Kiebrania ni lile la kawaida la kurudi, kama mtu anavyorudi nyumbani.

Tazama mwana mpotevu wa Luka 15. Akiwa kwa nguruwe anatunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake. Yana sehemu tatu: nimekosa, sistahili tena kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Sasa linganisha mstari wa 19 na wa 21. Alipofika, akiwa bado amekumbatiwa, anasema ya kwanza, anasema ya pili, na ya tatu haipo. Baba ameshageuka kuwaagiza watumwa walete vazi. Ile sehemu ya mkataba, "niajiri nikulipe polepole", haikupata nafasi ya kutamkwa. Nimewaona watu wengi wanaotubu huku wameishikilia sehemu hiyo ya tatu mkononi.

Kutubu kwa kweli hugusa pia uliyemkosea. Zakayo alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8), na Yesu hakumkatiza. Ukiwa umeiba, rudisha. Ukiwa umesingizia, nenda ukakanushe kwa wale wale uliowaambia. Hakuna anayenunua msamaha kwa njia hiyo. Aliyegeuka huonekana anakoelekea.

9. Ni lazima niungame kwa padre au mchungaji?

Inategemea kanisa lako. Kwa Wakatoliki, kitubio ni sakramenti, ikitegemea maneno ya Yesu kwa mitume katika Yohana 20:23. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aliyefikia umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Padre hawezi kufichua alichosikia, kwa sababu yoyote ile. Waorthodoksi huungama mbele ya padre wakiielekea picha takatifu (ikoni) ya Kristo. Waanglikana na Walutheri wana ungamo la faragha ingawa hawamlazimishi mtu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti husisitiza kuungama kwa Mungu moja kwa moja, yakishikilia 1 Yohana 1:9.

Ninachokiona, madhehebu yawe yoyote: dhambi iliyofichwa hukua gizani. Yakobo 5:16 inasema ungamianeni dhambi zenu, kwa hiyo haikutegemewa kwamba Mkristo abebe siri zake peke yake maisha yote. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua.

10. Sikumbuki siku niliyookoka. Je, nimeokoka kweli?

Wengine wanaikumbuka hadi saa. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika kwamba ilikuwa tarehe 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasorobo usiku, katika mkutano wa mtaa wa Aldersgate, London, alipohisi moyo wake umepata joto la ajabu. Paulo naye alikuwa na barabara ya Dameski. Lakini Timotheo hana siku inayotajwa. Imani ilikuwa kwa nyanya yake Loisi, ikawa kwa mama yake Eunike, ikawa kwake (2 Timotheo 1:5). Paulo hakumdai tarehe.

Swali lenye faida ni hili: leo unamtegemea nani?

11. Bila ubatizo mtu anaweza kuokoka?

Yesu aliamuru ubatizo, kwa hiyo anayeweza kubatizwa asiupuuze. Lakini mhalifu aliyesulubiwa kando yake hakubatizwa, na aliahidiwa kuwa naye peponi siku hiyo hiyo (Luka 23:43). Kanisa la kale pia liliwahesabu kuwa wamebatizwa kwa damu yao wale wanafunzi waliouawa kwa ajili ya Kristo kabla ya ubatizo wao.

## Baada ya kusamehewa

12. Nimetubu dhambi hii mara nyingi na bado naiangukia. Mungu hachoki?

Petro alipouliza kama asamehe hata mara saba, Yesu alimjibu saba mara sabini (Mathayo 18:22). Hatutaki kuamini kwamba Yesu alimtaka Petro awe mvumilivu kuliko Mungu mwenyewe.

Hata hivyo, usiifanye toba kuwa kama kuoga ukijua kesho utaingia tope lile lile kwa njia ile ile. Badili njia. Kama ni simu usiku, simu ilale chumba kingine. Kama ni rafiki fulani, umbali. Kama ni pombe au kitu kingine kilichoushika mwili, nenda pia kwa mtaalamu wa tiba; kufanya hivyo si upungufu wa imani. Na ukianguka, inuka siku hiyo hiyo. Wanaosubiri wawe wasafi kwanza ndipo wasali ndio wanaokaa mbali miaka.

13. Nimesamehewa, mbona bado najisikia mchafu?

Hisia huchelewa. Kuna pia kitu ambacho watu hukichanganya na hatia: matokeo. Daudi aliambiwa na nabii Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na bado nyumba yake iliungua kwa yale aliyoyaanzisha (2 Samweli 12). Kuvuna ulichopanda hakumaanishi kwamba hukusamehewa. Na ikiwa unachokionea aibu ni jambo ulilotendewa, mathalani ulibakwa au ulipigwa ukiwa mtoto, basi hatia ile haikuwa yako tangu mwanzo. Huhitaji kusamehewa kwa hilo. Unahitaji kutibiwa na kutetewa.

14. Wokovu unaweza kupotea?

Wakristo hawakubaliani. Wanaofuata mafundisho ya Calvin, mmoja wa warekebishaji wa karne ya 16, kama yalivyopangwa katika sinodi ya Dordrecht nchini Uholanzi (1618–1619), husema aliyeteuliwa na Mungu atalindwa hadi mwisho. Wamethodisti, Wapentekoste wengi na Wakatoliki husema mtu anaweza kuiacha neema, wakitaja Waebrania 6:4–6. Pande zote mbili zinakubali kwamba anayeishi dhambini bila kujali asijifariji kwa sala aliyowahi kuisali zamani, na kwamba anayemtafuta Mungu kwa machozi asifukuzwe kwa hofu.

15. Ni lazima nimsamehe aliyenidhulumu?

Ndiyo, na Yesu analisema kwa ukali. Katika Mathayo 18:23–35 mtumwa mmoja anadaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000 hivi, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi, zaidi ya miaka 160,000 bila kupumzika. Anasamehewa yote. Anatoka nje, anamkuta mwenzake mwenye deni lake la dinari mia, anamkaba koo. Watu husema dinari mia si kitu. Si kweli, ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hadharau ulichotendewa. Anakiweka kando ya kile ulichosamehewa.

Lakini lazima yasemwe na haya, maana fundisho hili limetumiwa kuwaumiza watu. Kusamehe si kusema haikutokea (swali la 5). Si kurudi kuishi na anayekupiga. Si kuondoa kesi mahakamani, maana Warumi 13 inawapa watawala kazi ya kumzuia mwovu, na kuna wengine anaoweza kuwadhuru. Msamaha unaweza kuutoa peke yako. Upatanisho unahitaji wawili, na mmoja wao awe ametubu. Wala usimharakishe mtu ambaye jeraha lake bado linatoka damu.

## Maswali magumu

16. Nahofia nimetenda dhambi isiyosameheka.

Dhambi hiyo ni kumkufuru Roho Mtakatifu, na Marko 3:28–30 inaeleza muktadha. Waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu waliona watu wakifunguliwa, wakasema Yesu anatumia nguvu za mkuu wa pepo. Marko anaongeza sababu mwenyewe: kwa kuwa walisema, ana pepo mchafu. Walikuwa wakiitazama kazi ya Roho wa Mungu na kuiita ya shetani, kwa moyo uliojifunga. Anayekosa usingizi kwa kuogopa kwamba amemkufuru Roho yuko mbali na hali hiyo, kwa sababu moyo uliojifunga hauogopi. Wazo baya lililopita kichwani bila wewe kulitaka halihusiani kabisa na jambo hili.

17. Waliokufa bila kusikia habari za Yesu je?

Wakristo wote hushikilia kwamba hakuna mwokozi mwingine. Wengine huishia hapo na kusema ndiyo sababu ya kuhubiri upesi. Wengine hutazama Warumi 2:14–16, juu ya watu wa mataifa ambao dhamiri huwashuhudia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulifundisha kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yao wakisaidiwa na neema, wanaweza kuupata wokovu. Mimi nasimama na swali la Ibrahimu: Mhukumu wa dunia yote hatatenda haki? (Mwanzo 18:25).

18. Muuaji anatubu dakika ya mwisho anaokoka. Haki iko wapi?

Wafanyakazi walioanza alfajiri katika Mathayo 20 waliuliza hivyo hivyo. Walilipwa walichoahidiwa, kilichowaudhi ni kwamba mwingine alihurumiwa. Ila swali hili likiulizwa na mama wa aliyeuawa, simjibu kwa mfano huo. Nakaa naye. Damu ya mtoto wake ni kitu, na Mungu hajasema vinginevyo.

19. Niliyemkosea amekwisha kufa. Nifanye nini?

Baba mdogo aliwahi kunipa fedha nimtunzie. Nikazitumia, nikamwambia zimeibwa. Aliniamini, akanipa pole. Alifariki sijamwambia. Niliungama kwa Mungu, nikaungama mbele ya mzee mmoja wa kanisa, na niliamini nimesamehewa, kwa sababu kila dhambi dhidi ya mtu ni dhambi dhidi ya Mungu pia (Zaburi 51:4) na Mungu hajafa. Mzee yule akaniuliza swali moja: "Mkewe yupo?"

Basi tengeneza kinachotengenezeka. Kama fedha zilikuwa za marehemu, zina warithi. Kama ulimharibia jina, jina lake bado lipo midomoni mwa watu.

Nilikwenda kwa mama mdogo na bahasha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaiweka bahasha chini ya kitambaa cha meza bila kuhesabu. Hakusema si kitu. Alisema, "Mwanangu, nimekusamehe. Lakini miaka yote hii nilimshuku yule kijana wa jirani, na nilimkataza asikanyage hapa."

Sikuwa nimelijua hilo. Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye familia. Nilimpata jioni hiyo hiyo, na mama mdogo alikuja nami, kwa maana alisema naye ana la kuomba.